Saa ya Ziwa: Namna ya Kupanga Likizo katika Mwambao wa Kisumu

Likizo katika nchi ya mizabibu huko Italia, iwe kwenye vilima vya Langhe mkoani Piemonte au kando ya Ziwa Garda, hupangwa kwa kufuata kalenda ya mkulima kabla ya kalenda ya mgeni, kwa kuwa zabibu huvunwa kati ya Septemba na Oktoba, na anayefika Februari hukuta matawi matupu yaliyopogolewa na ukungu juu ya vilima. Waitalia waliuweka uhusiano huo wa mgeni na shamba katika sheria mwaka 1985, walipomruhusu mkulima kulaza na kulisha wageni nyumbani kwake mradi kilimo kibaki kuwa kazi yake kuu. Utaratibu huo huitwa agriturismo, yaani utalii wa shambani. Mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambao kitovu chake ni jiji la Kisumu, hauna mizabibu, kwani mashamba ya zabibu ya Kenya yanayojulikana zaidi yako Naivasha, lakini una mandhari yake, chakula chake na wazalishaji wake, ambao ni wavuvi, na una kalenda kali kuliko ile ya Piemonte. Upepo, mvua, mwezi na samaki mdogo aitwaye omena ndivyo vinavyoamua nini kitaonekana na lini, na wasafiri wengi hukosea kwa sababu hupanga safari yao kwa kuhesabu kilomita na siku za mapumziko peke yake.

Ziwa lenyewe, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo hilo, sehemu kubwa ikiwa ya Tanzania na Uganda. Kipande kikubwa cha fungu hilo dogo la Kenya ni Ghuba ya Winam, mkono mrefu na mwembamba wa maji unaoingia nchi kavu kuelekea mashariki na kuishia Kisumu, jiji lililo kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta na kwenye mwinuko unaozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jina la jiji huhusishwa na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta na kubadilishana chakula, jambo linaloonyesha kwamba watu walikuja hapa kwa ajili ya riziki muda mrefu kabla ya Reli ya Uganda kufika mnamo 20 Desemba 1901 na bandari kuitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Jina la mke wa mhandisi halikudumu. Lile la chakula ndilo lililobaki.

Jambo la kwanza ambalo mpangaji wa safari anapaswa kulielewa ni upepo. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi zaidi hukimbilia nchi kavu kuijazia nafasi. Usiku mambo hugeuka, ardhi ikapoa haraka huku maji yakiwa yameshika joto lake, na upepo ukavuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Wavuvi wa matanga waliutumia mzunguko huu tangu zamani, wakisukumwa na upepo wa usiku kwenda kuvua na kurudishwa nyumbani na ule wa mchana. Kwa msafiri maana yake ni hii: asubuhi ghuba huwa tulivu kama maji ya sinia, lakini alasiri upepo wa magharibi, ukiwa na kilomita nyingi za maji matupu mbele yake, huinua mawimbi mafupi ya ghafla yanayoweza kuilowesha mashua yote, na wakati mwingine mawingu ya radi hujengeka na kushuka kabla ya magharibi. Kila safari ya majini, kwa hiyo, na ipangwe kabla ya saa sita mchana, na nahodha asiye na majaketi ya kuokolea maisha yanayotosha abiria wote na aachwe ufukoni hata kama nauli yake ni nafuu.

Upepo huohuo hubeba gugu maji, mmea wa asili ya Amerika Kusini unaoelea kwa majani mapana na maua ya zambarau, ulioingia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zulia la gugu hilo huweza kuziba ufuo mzima wa Kisumu usiku mmoja na kuondoka baada ya siku chache, upepo ukigeuka, na hakuna ratiba iliyochapishwa inayoweza kulitabiri. Simu moja kwa waongoza watalii wa ufuo wa Dunga, karibu na jiji, jioni ya kuamkia safari, huokoa asubuhi nzima.

Jambo la pili ni mwezi, na hapa ndipo likizo ya ziwani inapoizidi ile ya mizabibu kwa uzuri. Omena, ambaye Tanzania humwita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huelea na taa zao, zamani za karabai na siku hizi nyingi zikiwa za sola, samaki huvutwa na mwanga, kisha wavu wenye matundu madogo hupitishwa chini yao. Ujanja huo hufanya kazi katika usiku wa kiza tu, kwa sababu mwezi mpevu huangaza ziwa lote na taa hupoteza mvuto wake, na ndiyo maana mashua nyingi hupumzika siku za mbalamwezi. Mgeni aliyeketi kwenye mwinuko wa kisiwa cha Rusinga au cha Mfangano wakati wa mwezi mwandamo huona mbele yake mji wa taa usiokuwapo mchana, umetandazwa hadi upeo wa macho. Aliyekuja wiki mbili baadaye huona mwezi, ambao angeweza kuuona kwao. Isitoshe, serikali ya Kenya hufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki huyo apate kuzaana, kwa hiyo katika miezi hiyo minne hakuna taa hata kukiwa na kiza cha namna gani.

Asubuhi inayofuata usiku wa uvuvi nayo inastahili kuonwa. Omena humwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye nyasi au mchanga, na wanawake, ambao ndio wenye biashara hii kuanzia mashua inapotia nanga, huwasambaza kwa mikono hadi kila samaki, asiyezidi urefu wa kidole, apate jua lake. Kufikia saa nne ufuo mzima humetameta kama bati jipya, yangeyange hutembea pembeni wakidonoa, na watoto hupewa kazi ya kuwafukuza. Mvua ikinyesha kabla omena hawajakauka, sehemu kubwa ya mavuno huharibika na kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, na mwenye mali hutazama mawingu kwa wasiwasi uleule ambao mkulima wa Langhe hutazamia mvua ya mawe katika juma la mavuno.

Kuhusu mvua, masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, ingawa karibu na ziwa hakuna mwezi unaokauka kabisa. Masika ndiyo ya kuepukwa, kwa sababu Mto Nyando hufurika mara kwa mara katika uwanda wa Kano, mashariki mwa Kisumu, na kutatiza barabara na makazi. Ukijumlisha hesabu za mvua na za marufuku ya omena, miezi inayobaki kuwa bora ni Agosti, Septemba, Januari na Februari. Desemba huvutia kwa sikukuu, lakini wenyeji walio Nairobi na Mombasa hurudi makwao wakati huo, nauli hupanda, na vyumba hujaa.

Kufika Kisumu si kazi kubwa. Ndege kutoka Nairobi huchukua chini ya saa moja, basi hukata takriban kilomita 350 kwa siku moja, na treni ya abiria, iliyorejeshwa mwishoni mwa 2021 juu ya reli ileile ya zamani, husafiri usiku. Ratiba yake haina safari za kila siku, hivyo yafaa iulizwe kwanza na likizo ipangwe kuizunguka, kwa kuwa kuingia Kisumu alfajiri kwa njia iliyoujenga mji ni sehemu ya likizo yenyewe.

Jijini siku moja na nusu inatosha. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa 1980, lina boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa halisi, ambamo nyumba ya mke wa kwanza, ya mke wa pili na ya wa tatu zimewekwa kwa utaratibu maalumu, na anayelitazama kwa makini ataelewa mambo mengi atakayokutana nayo baadaye njiani. Hifadhi ya Swala Pala, iliyotangazwa rasmi 1992, ni ndogo sana, haifiki nusu ya kilomita ya mraba, lakini iko ufukoni kabisa. Kilomita chache kusini mwake ni Dunga, kijiji cha wavuvi kilichopakana na kinamasi cha mafunjo, yale matete marefu yenye vichwa vya nywele ambayo Wamisri wa kale walitengenezea karatasi. Katika kinamasi hicho huishi ndege wachache wa pekee wasioweza kuishi penye mimea mingine, na wapenzi wa ndege huvuka bahari kuja kuwatafuta kabla jua halijakolea.

Dunga pia ndipo pa kula samaki. Zamani wengi walikula Lwang'ni, safu ya vibanda karibu na bandari ambayo jina lake kwa Kijaluo ni nzi, jina lililowachekesha wateja wala halikuwafukuza, lakini vibanda hivyo vilibomolewa mwaka 2019 bandari ilipokuwa ikifufuliwa. Utaratibu wa kula haujabadilika: mteja huonyeshwa samaki wabichi, akachagua ngege, yaani perege wa ziwani, au kipande cha mbuta, yule sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuwameza wenyeji wengi wa maji hayo, bei hupatanwa kwa ukubwa wa samaki, na mapatano hayo yafanywe kabla samaki hajaingia mafutani. Mpishi humchanja ubavuni mistari mitatu au minne, akamkaanga mzima na kichwa chake hadi ngozi ikakamaa, kisha akamtokosa katika nyanya na vitunguu hadi mchuzi uingie ndani ya ile michanjo. Huliwa kwa mkono, pamoja na ugali, ambao Wajaluo huuita kuon, na mboga chungu kama osuga, yaani mnavu, au dek, yaani mgagani, uliolainishwa kwa maziwa. Anayeomba uma hatanyimwa, lakini miiba ya ngege haipatani na uma.

Baada ya jiji, njia nzuri zaidi ni kuizunguka ghuba yote, na swali ambalo wapangaji wengi hawajiulizi ni waanzie upande upi. Ghuba ina kivuko cha feri kati ya Mbita, upande wa kusini, na Luanda K'Otieno, upande wa kaskazini, kinachofunga mzunguko huo na kumwepusha msafiri kurudia barabara ileile. Anayeanza na upande wa kaskazini hufika kivukoni mchana, upepo ukiwa umeamka; anayeanza na kusini, akafuata mwelekeo wa mishale ya saa, hulala Mbita au Rusinga na kuvuka asubuhi maji yakiwa yamelala. Njia hii ya pili ni bora, na haihitaji mjadala mrefu.

Barabara ya kusini hupita kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero kabla ya kugeuka kuelekea Kendu Bay, ambako kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi na mara nyingine heroe, lililomo ndani ya shimo la volkano. Jina lake humaanisha kijiji kilichozama, na wenyeji husimulia juu ya bibi kizee mchovu aliyefukuzwa kwenye karamu ya pombe, akapokewa na mwanamke mmoja tu, akamwonya atoroke, kisha mvua ikashuka na kukizamisha kijiji pamoja na walevi wake. Si mbali na hapo, huko Nyayanga kwenye rasi ya Homa, wanasayansi walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3.0 pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo, kwa hiyo mwambao huu umekuwa ukilisha watu, au viumbe waliokaribia kuwa watu, kwa muda usiohesabika kwa vizazi.

Kutoka mji wa Homa Bay, mbele kwenye barabara hiyo ya kusini, kuna michepuko miwili, na mwenye siku chache achague mmoja. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120 katika bonde la Lambwe, ndiyo makao pekee nchini Kenya ya korongo, na hapa haikusudiwi yule ndege bali swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi mbili. Mchepuko wa pili, ambao ni mrefu zaidi lakini wenye thamani kubwa zaidi kwa maoni ya makala hii, ni Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, ngome ya mawe inayokadiriwa kujengwa karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake, zenye urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, zimesimama bila udongo wala saruji, kila jiwe likishikiliwa na uzito na mkao wa jirani yake. Mwaka huohuo wa 2018 UNESCO iliutambua pia ufundi wa kujenga kuta za mawe makavu katika nchi kadhaa za Ulaya, Italia ikiwemo, ambako kuta za namna hiyo ndizo zinazoshikilia matuta ya mizabibu ya Cinque Terre juu ya bahari. Mkenya anayelipa nauli ya ndege kwenda kuzishangaa zile kuta bila kuwahi kuziona hizi amekwenda mbali mno kwa jambo lililo karibu.

Rusinga sasa imeunganishwa na Mbita kwa daraja, lililochukua nafasi ya tuta la zamani lililokuwa likizuia maji kupita. Kisiwani kuna kaburi la Tom Mboya, waziri na kiongozi wa wafanyakazi aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, ndani ya jengo ambalo umbo lake hufananishwa na risasi. Na ni hapo Rusinga ambapo Mary Leakey aligundua mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aitwaye Proconsul, mwenye umri wa takriban miaka milioni 18. Kutoka Mbita mashua huendelea hadi Mfangano, kisiwa cha milima cha jamii ya Abasuba, ambako michoro ya miamba ya Kwitone na Mawanga, miduara na mionzi ya rangi nyekundu na nyeupe, huhusishwa na Watwa waliowinda hapa kabla ya jamii za sasa kufika. Michoro haina kioo wala uzio wa kuilinda. Kinachoilinda ni heshima ya wenyeji, na ni haramu kuishika.

Visiwani nyumba za kulala wageni si nyingi, na anayepata nafasi ya kukaa katika boma la mwenyeji asiikatae, ila ajue desturi zake. Asubuhi husemwa oyawore, jioni oimore, na shukrani ni erokamano. Mwanamke anayeanika samaki huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha, naye huitwa mama hata akiwa na umri wa dada. Afya nayo inahitaji maandalizi kabla ya kufunga safari: eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya, kwa hiyo ushauri wa daktari kuhusu dawa za kinga na matumizi ya chandarua si jambo la hiari, hasa kwa watoto na wajawazito. Kuoga ziwani karibu na ufuo wenye nyasi ni kosa, kwani konokono wa majini hueneza kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hupenya ngozini bila mtu kuhisi, na kiboko naye hatangazi ujio wake. Viingilio vya hifadhi za taifa havilipwi kwa fedha taslimu, hivyo malipo ya mtandaoni yakamilishwe pale penye mawimbi mazuri ya simu.

Baada ya feri ya asubuhi kushusha abiria Luanda K'Otieno, barabara hupitia Bondo, ambako Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alizikwa mwaka 1994, kisha huelekea Seme, ambako miamba mikubwa ya Kit Mikayi imerundikana juu kuliko miti yote. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza, na masimulizi husema mzee mmoja alilipenda jiwe hilo kiasi cha kushinda katika pango lake kila siku, hadi mkewe, akiulizwa alikokwenda mumewe, akawa anajibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Miamba yenyewe husomwa kama boma, mke wa kwanza katikati, nyachira, yaani mke wa pili, na reru, yaani wa tatu, kando yake, kama ilivyo katika lile boma la makumbusho. Waumini wa Legio Maria na makanisa mengine ya Kiafrika hufunga na kusali hapo, kwa hiyo sauti ipunguzwe.

Kutoka Kit Mikayi hadi Kisumu hazifiki kilomita 30. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, ufuo wa Dunga hutazama maji, na ngege mzima huchukua karibu saa nzima tangu kuchaguliwa hadi kutengwa mezani. Anayetaka kula huku akilitazama jua likizama, basi, na aagize samaki wake saa kumi na moja na nusu.